Marekani: Taifa la Ahadi na Deni Lake

Marekani ina majimbo 50, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu milioni 331. Kutoka New York hadi Los Angeles ni karibu kilomita 4,000 kwa ndege. Wakazi wake ni wajukuu wa Waayalandi, Waitaliano, Wachina na Wameksiko, wa Waafrika waliofikishwa huko kwa minyororo, na wa mataifa ya wenyeji waliokuwako kabla ya wote. Hawana asili moja wala dini moja. Kinachowafanya wajiite taifa moja ni maandishi: Azimio la Uhuru la tarehe 4 Julai 1776, lililotangaza kwamba binadamu wote wameumbwa sawa, na Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787. Mhamiaji anayeomba uraia hutahiniwa historia na mfumo wa serikali, kisha huapa kuitetea Katiba hiyo. Haapi kwa mfalme wala kwa kabila.

Ahadi ni deni, na deni hili lilianza siku ileile ahadi ilipotolewa. Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Katiba nayo, katika kugawa viti vya Bunge, ilimhesabu mtumwa kuwa sehemu tatu kwa tano ya mtu. Mabwana wakapata wabunge zaidi kwa idadi ya watumwa wao, na mtumwa mwenyewe hakuwa na kura. Mwaka 1838 askari waliwafukuza Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji, kutoka nchi yao ya kusini-mashariki hadi Oklahoma ya leo, na maelfu wakafa. Sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na haikufutwa hadi 1943. Katika Vita Kuu ya Pili, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani walifungiwa makambini, na wengi wao walikuwa raia wa kuzaliwa.

Walioachwa nje hawakuyatupa maneno ya Azimio, bali waliyashika na kuyadai. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, aliuliza katika hotuba yake ya Rochester mwaka 1852 sikukuu ya uhuru inamhusu nini mtumwa. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua watu zaidi ya 600,000. Mwaka 1868 Katiba ilimtambua kuwa raia karibu kila mtu aliyezaliwa nchini, lakini wenyeji wa asili walisubiri hadi 1924. Haki ya wanawake kupiga kura iliingizwa katika Katiba mwaka 1920. Mwaka 1963, mbele ya watu wapatao 250,000 jijini Washington, Martin Luther King alizifananisha nyaraka za waasisi na hati ya deni ambalo taifa halijawalipa raia weusi. Sheria ya haki za kiraia ikapitishwa mwaka 1964, na ya haki ya kura mwaka 1965.

Deni hilo bado lipo. Katika miaka ya 1930 ramani za wakala wa serikali zilipaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari. Kwa familia ya kawaida nyumba ndiyo mali kubwa, hivyo aliyenyimwa mkopo wa nyumba hakuwa na cha kuwarithisha wanawe. Leo utajiri wa familia ya kati ya wazungu ni karibu mara sita ya ule wa familia ya kati ya weusi. Watu zaidi ya milioni 25 hawana bima ya afya. Kima cha chini cha mshahara cha shirikisho hakijapanda kutoka dola 7.25 kwa saa tangu 2009, ingawa majimbo mengi yameweka kima cha juu zaidi. Hata wakazi wa Washington, makao makuu ya nchi iliyoasi kwa sababu ya kutozwa kodi bila uwakilishi, wanalipa kodi na hawana seneta.

Hata hivyo, mlango haukufungwa wote. Mwaka 1959 kijana Mjaluo kutoka Kenya alikwenda kusoma Hawaii, na mwaka 2008 mwanawe, Barack Obama, alichaguliwa kuwa rais. Leo Kiswahili kinasikika Louisville na miji mingine, kwa familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi wanaoanza maisha upya.

Kwa hiyo kijana anayetamani kuhamia huko na alijue hili kabla hajafunga mizigo. Ahadi ya Marekani haijawahi kujilipa yenyewe. Ilipolipwa, palikuwa na watu walioidai mahakamani, barabarani na kwenye sanduku la kura. Atakayepata uraia wa huko atapata haki ya kudai, na kudai ni kazi ya maisha yote.