Mawe Kumi na Mawili na Kisanduku cha Picha

 

Leo nataka tuzungumze habari za picha za kale, hasa zile ziitwazo slaidi. Wazee wanazikumbuka. Vijana huenda wameona kisanduku chake kabatini wasijue ni kitu gani.

Slaidi ni kipande kidogo cha filamu kilichotiwa katika fremu ya karatasi ngumu au ya plastiki, kiasi cha sentimita 5 kila upande. Haionekani vizuri mpaka mwanga upite ndani yake. Kwa hiyo watu walitumia mashine iitwayo projekta. Taa iliwaka nyuma ya slaidi, na picha ikatokea kubwa ukutani au juu ya shuka jeupe, na jamaa yote wakatazama pamoja.

Tena liko jambo moja la kuangalia sana. Picha ya karatasi ilichapwa kutoka negativu, na ilipopotea, uliweza kuchapa nyingine. Slaidi haina negativu. Filamu ile ile iliyokuwa ndani ya kamera siku ile ndiyo unayoishika mkononi leo. Ikiharibika, hakuna nyingine nyuma yake.

Nazo zinaharibika. Mwanga mkali na joto la mabati hufifisha rangi, na unyevu huleta ukungu. Slaidi nyingi za zamani zimegeuka kuwa nyekundu nyekundu, na rangi nyingine zimetoweka. Filamu ya Kodachrome, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ilisifiwa kwa kutunza rangi zake gizani, lakini kampuni ya Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009. Projekta zake za slaidi ilikuwa imeacha kuzitengeneza mwaka 2004.

Lakini, ndugu zangu, uko uharibifu ulio mbaya kuliko ukungu. Picha yaweza kubaki na rangi zake zote, lakini akifa mtu wa mwisho aliyejua majina, imekuwa picha ya wageni.

Fungueni kitabu cha Yoshua, sura ya 4. Waisraeli walipovuka Yordani, Bwana aliagiza mawe yachukuliwe kutoka katikati ya mto, yakasimamishwa Gilgali, ili watoto watakapouliza maana yake, baba zao wawaeleze. Jiwe halina kinywa. Kazi yake ni kumfanya mtoto aulize, na kazi ya mzazi ni kujibu. Angalieni pia hesabu ya mawe hayo. Yalikuwa kumi na mawili, jiwe moja kwa kila kabila. Reubeni, Gadi na nusu ya Manase walikuwa wamepewa urithi ng'ambo ya pili ya mto, wala hawakuja kukaa Gilgali. Hata hivyo mawe yao yalikuwapo. Kumbukumbu ya watu wa Mungu haikuacha kabila nje kwa sababu linakaa mbali.

Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mwalimu, na katika miaka ya 1970 alinunua kamera iliyokwisha kutumika. Alipiga slaidi za Mlima Elgon asubuhi, gari moshi katika stesheni ya Bungoma, maporomoko ya Webuye, kiwanda cha karatasi kikiwa bado kipya, na jumba la makumbusho la Kitale lililofunguliwa mwaka 1974. Alipiga pia arusi, ubatizo, na rafiki zake. Baba amekwisha kulala katika Bwana. Mama angali hai. Mwaka jana tuliketi naye karibu na dirisha, tukaziinua slaidi moja moja mbele ya kitambaa cheupe, naye akataja majina, sisi tukaandika.

Tulifika kwenye slaidi ya mwanamume kijana aliyeshika baiskeli kwa mkono mmoja na mtoto mchanga kwa mkono wa pili. Mama akanyamaza. Kisha akataja jina lake. Alikuwa jirani yetu upande wa Endebess, mtu wa lugha nyingine. Mtoto yule ni dada yangu mkubwa, na baiskeli ile ndiyo iliyompeleka mama kwenye zahanati alipoanza kuona uchungu. Mwaka 1992, wakati wa mapigano ya kikabila, nyumba ya jirani huyo ilichomwa moto, naye akakimbilia Bungoma pamoja na watoto wake. Sisi tulibaki. Tangu siku ile jina lake halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Tuliipeleka slaidi hiyo kwa mpiga picha, akaichapa juu ya karatasi, kisha tukawatafuta watu wake. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Picha zao zote ziliungua pamoja na nyumba, na binti yake alikuwa hajauona uso wa baba yake akiwa kijana. Alimpa mama kiti, akamwuliza habari za baba yake mpaka jua likaelekea kutua. Hakuna aliyesema kwamba yaliyopita yamefutika. Lakini maswali yaliulizwa, na aliyeweza kuyajibu alikuwapo.

Basi, wapenzi, hilo ndilo neno langu leo. Slaidi ile ilikaa katika kisanduku chetu miaka mingi, lakini haikuwa yetu peke yetu. Ilikuwa amana. Katika nchi hii ya Trans-Nzoia na Bungoma, watu wengi walikimbia mikono mitupu. Huenda uso wa marehemu wao umebaki katika kabati lako, ukiwa umesimama nyuma ya bwana arusi wako.

Lakini tujihadhari. Mhubiri 7:10 inatukataza kulalamika kwamba siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi. Kiwanda cha Webuye kilisimama mwaka 2009. Wazee wanakumbuka mishahara yake, wanakumbuka na moshi wake pia. Hatutazami picha ili tuililie jana. Tunazitazama ili tumshukuru Mungu, na tuone ni nani tunayedaiwa upendo.

Juma hili, basi, fanyeni hivi. Itoeni slaidi kwa kushika kingo zake, msiiguse filamu yenyewe wala kuipangusa kwa kitambaa kibichi. Iinueni mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga nyuma yake, mkaipige picha kwa simu, au mwipeleke kwa mpiga picha mwenye skana. Ketini na mzee, mwulizeni majina, mahali na mwaka, na kuyaandika kwa penseli juu ya fremu ya karatasi au katika daftari. Kisha zirudisheni mahali pakavu penye giza, mbali na moshi wa jikoni. Mkikuta uso wa mtu wa nyumba nyingine, mpelekeeni nakala, hata kama njia ya kwenda kwake imeota majani.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetuchora katika viganja vya mikono yako, wewe husahau jina la mtu ye yote. Wape wazee wetu nguvu ya kusimulia, na watoto wetu moyo wa kuuliza. Wale tuliotenganishwa nao, utukutanishe nao tena, hapa duniani na katika ufufuo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.