Mwanga laini na vitambaa vya asili katika giza la Minnesota

Ifikapo mwezi Desemba, jua hutua mnamo saa kumi na nusu za jioni katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, kaskazini mwa Marekani.

Karibu na tarehe 21 ya mwezi huo, mchana wote haufiki hata saa 9.

Kwa mtu aliyekulia Mogadishu, Nairobi au Kampala, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hilo ni badiliko kubwa. Jioni huanza muda mfupi baada ya watoto kurudi kutoka shuleni, na shughuli zote za familia, kuanzia masomo hadi mazungumzo na wageni, hufanyika chini ya taa.

Wasomali walianza kuhamia jimbo la Minnesota kwa wingi katika miaka ya 1990, baada ya serikali ya nchi yao kuanguka mwaka 1991. Wengi waliishi kwanza Kenya na wanakifahamu Kiswahili. Wapo pia Waethiopia, na Wakenya ambao wengi wao wanaishi katika vitongoji kama vile Brooklyn Park.

Kwa familia hizo, namna ya kuiangazia nyumba ni jambo linalogusa afya, usalama na utulivu wa nyumbani.

Sebule isiyo na taa darini

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya kupanga nchini Marekani huweza kushangaa kwamba sebule haina taa darini. Hubonyeza swichi iliyo karibu na mlango, na hakuna kinachowaka.

Sababu ni kwamba mara nyingi swichi hiyo huwa imeunganishwa na soketi mojawapo ya ukutani. Mpangaji hutarajiwa kununua taa yake na kuichomeka hapo.

Wengi hununua taa moja yenye mwanga mweupe na mkali, unaofanana na ule wa taa za mirija walizozizoea. Lakini mwanga wa namna hiyo ukitoka mahali pamoja huchosha macho na kuacha pembe za chumba gizani. Nalo dirisha, kwa kuwa nje kumeingia giza, hugeuka kuwa kioo kinachorudisha mng'ao wa taa ile ile.

Watu wa Skandinavia wana uzoefu wa muda mrefu wa giza la aina hii, na wengi wao walihamia Minnesota katika karne ya 19. Katika nchi za kwao ni kawaida kutumia taa ndogo kadhaa, zilizowekwa chini ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama, badala ya taa moja kubwa. Katika miaka ya 1920, msanifu wa Denmark, Poul Henningsen, alibuni taa zenye vifuniko vilivyopangwa ili jicho lisikutane moja kwa moja na balbu.

Kazi ya kitambaa

Kifuniko cha kitambaa hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia rahisi. Nyuzi huutawanya mwanga, na nuru iliyokuwa imejikusanya katika balbu ndogo husambaa juu ya eneo pana. Vivuli hupungua ukali, na nyuso za watu waliokaa huonekana vizuri zaidi.

Vitambaa vya asili kama pamba, kitani na hariri hupendwa kwa kuwa nyuzi zake hazilingani kikamilifu, hivyo mwanga unaopita hauwi mkavu.

Kimojawapo kina historia ndefu katika pwani ya Afrika Mashariki. Ni ile pamba isiyopaushwa iitwayo marekani. Jina hilo lilitokana na vitambaa vilivyoletwa Zanzibar katika karne ya 19 na wafanyabiashara kutoka Marekani, hasa wa bandari ya Salem, Massachusetts. Rangi yake ya maziwa hupitisha mwanga mwingi na kuutia joto kidogo.

Kutoka Uganda kuna lubugo, kitambaa kinachotengenezwa kwa kupondaponda gome la mti wa mutuba. Utengenezaji wake umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu mwaka 2008. Lubugo hupitisha mwanga kidogo tu, wenye wekundu wa kutu, na kwa hiyo hufaa taa ya pembeni kuliko taa ya kusomea.

Wasomali nao wana alindi, kitambaa cha pamba chenye mistari kinachofumwa katika pwani ya Benadir. Kanga pia hutumika, ila rangi nzito huzuia mwanga. Wenye kutaka kusoma chini ya taa hiyo huchagua kanga yenye eneo kubwa jeupe.

Kuchagua balbu

Kifuniko kizuri hakiwezi kurekebisha balbu isiyofaa. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na kipimo hicho huandikwa kwenye kasha. Kelvini 2700 ni mwanga wa manjano unaokaribia ule wa balbu za zamani. Kelvini 6500 ni mweupe wenye ubuluu, na mwanga wa namna hiyo nyakati za usiku huweza kuchelewesha usingizi.

Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni zipatazo 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60.

Anayeleta taa kutoka nyumbani hana budi kukumbuka kwamba umeme wa Marekani ni volti 120, ilhali Afrika Mashariki hutumia takriban volti 240. Plagi ni tofauti, na balbu za Marekani huingizwa kwa kuzungushwa. Ni salama zaidi kuleta kitambaa peke yake, kisha kununua taa huko huko.

Hatari ya moto

Balbu za zamani ziligeuza takriban asilimia 90 ya umeme kuwa joto, na kitambaa kilichozigusa kiliweza kuungua. Mwaka 1997, tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza mpango wa kurekebisha taa ndefu za halojeni zipatazo milioni 40, kwa sababu ya moto uliosababishwa na balbu zake.

Tangu Agosti 2023, kanuni za serikali ya Marekani zimeondoa madukani balbu nyingi za aina ya zamani. Balbu za LED hazina joto kubwa kiasi hicho, lakini tahadhari bado inahitajika.

Kitambaa hakipaswi kutandazwa juu ya balbu au juu ya taa. Kinatakiwa kushikiliwa na fremu, mbali na balbu pande zote, na wati zilizoandikwa kwenye taa zisizidishwe. Kwa wanaoishi katika majengo marefu, kama yale ya mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis, moto wa nyumba moja ni hatari kwa majirani wote. Mnamo Novemba 2019, watu 5 walifariki dunia katika moto uliozuka kwenye jengo moja la mtaa huo.

Nuru ya asubuhi

Hata hivyo, taa laini haiwezi kuchukua nafasi ya jua. Huzuni inayorudi kila majira ya baridi ilielezwa kitaalamu mwaka 1984 na daktari Norman Rosenthal na wenzake. Moja ya tiba zake ni kukaa asubuhi, kwa takriban nusu saa, mbele ya taa maalumu yenye nguvu ya laksi 10,000, na mgonjwa hushauriwa kumwona daktari kwanza.

Kwa hiyo nyumba katika majira hayo huhitaji mianga miwili: mkali wakati wa asubuhi, mapazia yakiwa wazi, na laini kuanzia jioni, ili mwili utambue kwamba usiku umeingia.