Vifaa vya mtoto: Vipendeze, vifae na visikufilisi

Ukitoka City Market jijini Nairobi ukaingia barabara ya Biashara, hutapiga hatua nyingi kabla ya macho yako kunaswa. Nguo ndogo za rangi ya waridi na samawati zimeangikwa milangoni mwa maduka. Ndani kuna vitanda vya mbao vilivyopambwa kwa vyandarua vyeupe, vigari vyenye magurudumu yanayong'aa, na mikoba ya kubebea nepi ambayo hata mama asiye na mtoto angeitamani. Barabara hii, ambayo zamani ilijulikana kama Indian Bazaar, ndiko familia nyingi za jiji huanzia zinapotarajia mtoto.

Wengi huingia humo wakiwa na orodha fupi mkononi, kisha wakatoka na vitu ambavyo havikuwemo kwenye orodha hiyo. Hasa akiwa ni mtoto wa kwanza, baba na mama hutaka kuonyesha mapenzi yao, na muuza duka analijua jambo hilo vizuri. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Miezi mitatu baadaye kigari kimesimamishwa nyuma ya mlango, kimefunikwa kwa shuka, nao wazazi wanakopa pesa za nepi.

Si lazima mambo yawe hivyo. Mtoto wako anaweza kupendeza, akawa salama, na kodi ya nyumba bado ikalipwa. Muhimu ni kujua kila kitu kina kazi gani kabla hujafungua pochi.

Ununue lini?

Katika jamii nyingi nchini, ni mwiko kununulia mtoto nguo kabla hajazaliwa. Usimcheke nyanya akikuonya. Mwiko huo ulitoka katika nyakati ambapo watoto wengi hawakuvuka siku za kwanza, na nyumba iliyojaa nguo zisizo na mwenyewe ilizidisha uchungu wa mama.

Hata hivyo, siku hizi wauguzi watakuuliza vitu vya mtoto pale pale unapolazwa kujifungua. Njia ya kuridhisha pande zote ni kununua vichache vya lazima tu: nguo mbili au tatu, shali, kofia, soksi, nepi, pamba na leso mbili safi. Vitie katika mkoba mmoja uliofungwa. Vitu vikubwa kama kitanda na kigari vitasubiri. Weka pesa zake kando, uwe na orodha, na umwonyeshe baba mtoto au dada yako duka lenyewe. Mtoto akishafika salama, watakwenda kuvichukua.

Nguo: Nunua kwa hesabu ya miezi

Kosa la kawaida ni kununua lundo la nguo za mtoto mchanga. Mtoto mwenye afya huzaliwa akiwa na uzani wa kilo tatu hivi, na anapofikisha miezi mitano au sita uzani huo huwa umeongezeka maradufu. Akitimiza mwaka mmoja, huwa karibu mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Kwa hivyo ile suti ndogo ya bei ghali ataivaa Jumapili tatu au nne, kisha itambana.

Nguo sita za mtoto mchanga zinatosha kuanzia. Zinazobaki nunua za miezi mitatu hadi sita, na utazame kalenda. Mtoto wa Nairobi atakayekuwa na miezi mitatu mwezi wa Julai anahitaji sweta na soksi nzito. Mwenzake wa Mombasa atasumbuliwa na joto akivishwa hivyo, naye atashukuru kwa fulana nyepesi ya pamba.

Unapoishika nguo dukani, ijaribu kabla ya kuisifu. Je, shingo yake inapanuka ipite kichwani bila kumliza mtoto? Je, inafunguka chini ili ubadilishe nepi usiku bila kumvua nguo zote? Vuta kila kifungo kwa nguvu. Kikilegea, mtoto atakimeza. Riboni na kamba ndefu shingoni zinapendeza kwenye picha, lakini zinaweza kumnyonga. Aidha, kitambaa cha pamba hunyonya jasho kuliko nailoni.

Wenye pesa kidogo wasikate tamaa. Gikomba, au Toi karibu na Adams Arcade, utapata nguo za mitumba za watoto ambazo hazijachakaa, kwa sababu wenyewe walikua kabla ya kuzichosha. Rauka mapema mtumba unapofunguliwa, wakati zile bora ambazo wauzaji huziita 'kamera' bado zipo. Ukichelewa utapata 'fagia', yaani makapi yaliyobaki chini. Ukifika nyumbani, zifue kwa maji moto na sabuni, uzianike juani, kisha uzipige pasi, hata kwenye mishono. Joto la pasi huua mayai ambayo aina fulani ya nzi hutaga kwenye nguo zinazokauka nje, na ambayo funza wake huingia katika ngozi.

Nepi: Piga hesabu kwanza

Hakuna kitu kitakachokula pesa zako polepole kama nepi. Tuseme nepi moja ya kutupa inauzwa shilingi 20, na mtoto wako anatumia sita kwa siku. Hizo ni shilingi 120 kila siku, au shilingi 3,600 kwa mwezi wa siku 30. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 43,000. Chukua bei ya dukani kwenu uweke mahali pa hiyo 20, uone utafika wapi. Na ukumbuke kwamba mtoto mchanga anaweza kuhitaji nepi nane hadi 10 kwa siku.

Nepi za kitambaa hununuliwa mara moja, na mdogo wake atazirithi. Dazeni mbili zinatosha. Lakini nazo zina gharama yake, kwani zinataka maji, sabuni, jua na mikono. Katika mtaa ambao maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, na mama amerudi kazini, huenda bei ya mitungi ya maji ikala ile pesa aliyodhani ameokoa.

Familia nyingi zimegundua njia ya katikati: nepi za kitambaa mchana akiwa nyumbani, na za kutupa usiku na safarini. Vyovyote utakavyochagua, ibadilishe upesi inapolowa. Mtoto aliyeachwa na nepi moja mchana kutwa ili kubana matumizi ataungua ngozi, na dawa itagharimu zaidi ya nepi uliyookoa.

Kigari au leso?

Hapa ndipo fahari huwapotosha wengi. Kabla hujalipia kigari, jiulize maswali matatu. Unaishi ghorofa ya ngapi, na je, kuna lifti? Njia ya kutoka kwako hadi stejini ni ya lami au ya matope na mawe? Na kondakta wa matatu atakubali kukibeba bila kukutoza nauli ya mtu mzima? Ikiwa unaishi ghorofa ya nne na njia yenu hujaa matope mvua ikinyesha, kigari kikubwa kitakuwa mzigo tu.

Ukiwa bado wakitaka, tafuta chepesi kinachokunjika. Aina hii ilibuniwa mwaka wa 1965 na Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire. Alitengeneza kigari cha aluminiamu kinachojikunja kama mwavuli. Lakini kwa mtoto ambaye bado hajaweza kushika shingo, hakikisha kiti kinalala chali. Jaribu breki, funga na ufungue mikanda, na utazame mahali kinapokunjika pasije pakabana vidole.

Sasa geukia mbeleko. Madukani utaona mikoba ya kubebea mtoto kifuani, ya kigeni, yenye mikanda na vifungo, na bei yake si mchezo. Je, unajua mojawapo ya mikoba ya kwanza ya namna hiyo ilitoka wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, muuguzi Mmarekani aitwaye Ann Moore alifanya kazi nchini Togo, Afrika Magharibi. Huko aliwaona kina mama wakiwafunga watoto mgongoni kwa kitambaa, na watoto wakitulia kuliko wale wa kwao. Aliporudi Marekani na kujaliwa mtoto wake, alitaka kumbeba hivyo hivyo, naye mamake akamshonea mkoba. Mkoba huo ulipewa hataza mwaka wa 1969 na kuuzwa kwa jina Snugli.

Kwa hivyo unapomfunga mwanao kwa leso, usidhani umebaki nyuma. Wazungu walijifunza kwetu. Mkoba wa dukani una manufaa yake, hasa kwa baba asiyejua kufunga leso. Ukiununua, hakikisha unashika mapaja ya mtoto yakiwa yamepanuka, magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio. Iwe mkoba au leso, uso wake uonekane, na kidevu kisigandamane na kifua chake, kwani anaweza kukosa pumzi bila kutoa sauti.

Kitanda: Urembo unaoweza kuua

Ukienda kutazama kitanda, beba rula ya mwanafunzi. Nafasi kati ya mbao moja na nyingine isizidi sentimita sita, ili mwili wa mtoto usipite kichwa kikabaki kimekwama. Seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea kizuri kwa bei nafuu kuliko cha kutoka ng'ambo, mradi umpe kipimo hicho na umkataze rangi yenye risasi.

Vitanda vilivyotumika huletwa kutoka nje pamoja na mitumba mingine. Jihadhari na kile ambacho ubavu wake mmoja hushushwa na kupandishwa. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda hivyo mwaka wa 2011, baada ya watoto kubanwa na kufa. Mwaka wa 2022 ilipiga marufuku pia yale mapambo yaliyojazwa pamba yanayozungushwa kwenye kuta za kitanda. Ni mazuri kwa macho, lakini mtoto akiyaegemeza pua hukosa hewa.

Godoro liwe gumu na lijae kitandani bila kuacha pengo. Mto, mwanasesere na blanketi zito havina kazi humo. Mlaze chali. Nyanya wengi walizoea kuwalaza watoto kifudifudi, lakini tangu miaka ya 1990 madaktari wameonya kwamba kulala hivyo huongeza hatari ya kifo cha ghafla. Mtoto alale chumba kimoja nanyi, katika kitanda chake, na chandarua kisikose palipo na mbu.

Viache dukani

Kipo kile kigari cha duara ambacho mtoto huketishwa ili ajifunze kutembea. Wazazi hukipenda kwa sababu humshughulisha mtoto wakati mama anapika. Ukweli ni kwamba hakimharakishi kutembea. Huweza hata kumchelewesha. Kinampa mbio asizoweza kuzidhibiti, na katika nyumba zetu jiko li sakafuni na chai ya moto iko mezani pembeni. Kanada ilikipiga marufuku mwaka wa 2004. Mkeka mpana sakafuni unatosha.

Chupa za maziwa nazo zisiwe za kwanza kwenye orodha. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha mtoto kwa miezi sita ya kwanza. Kenya ina sheria ya mwaka wa 2012 inayokataza chupa na chuchu zake kutangazwa kwa wananchi. Ukirudi kazini, maziwa uliyokamua yanaweza kunyweshwa kwa kikombe kidogo, ambacho husafishika kuliko chupa. Poda ya mtoto pia iache, maana vumbi lake huingia mapafuni.

Kwa wenye gari, kiti cha mtoto ndicho kitu cha mwisho cha kununua ovyo. Mapaja ya mama hayamkingi mtoto gari linapogonga. Mtoto mchanga aketi akitazama nyuma, na usinunue kiti kikuukuu ambacho historia yake huijui, kwa kuwa kilichowahi kuwa katika ajali hupasuka mahali pasipoonekana.

Marafiki wafaidi

Marafiki wakikuandalia sherehe ya kumkaribisha mtoto, usione haya kusema unachohitaji. Kumi wakichangia nepi za miezi mitatu, wamekufaa kuliko kumi walioleta mablanketi 10. Azima kile kitakachotumika kwa muda mfupi, na ukirudishe kikiwa safi. Ukinunua kwa mtu uliyemwona kwenye simu tu, usitume pesa kwa M-Pesa kabla hujakishika kifaa chenyewe. Kipya nacho kikague uone alama ya ubora ya KEBS.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na malezi yataendelea kudai pesa kwa miaka mingi: chanjo, uji, karo ya nasari. Wiki hii, kabla hamjakwenda mjini, kaeni wawili mezani mwandike orodha mbili: vile ambavyo mtoto hawezi kukaa bila, na vile ambavyo nyinyi ndio mnavitamani. Nunueni orodha ya kwanza yote. Kutoka kwa ile ya pili chagueni kimoja tu, kile kinachowafurahisha zaidi, na pesa zinazobaki ziwekeni akiba kwa jina la mtoto.