Kupanda Mlima na Watoto: Aliye Mdogo Ndiye Kiongozi wa Msafara



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mtalicheka, nalo ni kutembea. Mtu wa Jorodom au Gendabi atasema kwamba yeye hutembea kila siku kwenda shambani, kuchota maji na mnadani. Sasa muuguzi anataka kumfundisha nini?

Swali hilo ni la haki. Mama anayepanda kilima akiwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Anahitaji kusaidiwa mzigo. Lakini familia nyingi siku hizi zinaishi Katesh, Mbulu na Babati mjini. Baba yuko dukani au ofisini mchana kutwa, safari ya nusu kilomita ni ya bodaboda, na watoto wakitoka shule hukaa mbele ya runinga au simu. Ndiyo maana shinikizo la damu na kisukari si maradhi ya wazungu wala ya matajiri peke yao tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Na watoto wa miaka 5 hadi 17, kwa wastani dakika 60 kila siku.

Zaidi ya hayo, kutembea pamoja bila mzigo wala haraka ni dawa ya nyumba. Baba na mwana ambao nyumbani husalimiana tu, njiani huzungumza. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipenda sana kutembea milimani, tangu ujana wake huko Poland. Sisi tumepewa mlima mlangoni petu.

Mlima Hanang

Hanang ni volkano ya zamani yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na ni miongoni mwa milima mirefu kabisa ya Tanzania. Wazee wa Kibarbaig wameuheshimu tangu zamani. Njia inayojulikana zaidi ya kwenda kileleni ni hii ya Jorodom, inayoanzia karibu na Katesh. Huanza katika mashamba na majani, huingia msituni, kisha hutokea kwenye vichaka vya juu penye mawe na upepo. Msitu ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS); kwa hiyo pitieni kwanza ofisini kwao, mpate kibali na mtu wa kuwaongoza.

Kwenda kileleni na kurudi ni kazi ya siku nzima kwa watu wazima wenye nguvu. Kwa familia yenye watoto wadogo, ushauri wangu ni huu: kilele kisiwe shabaha yenu. Kutembea saa mbili au tatu hadi karibu na msitu, kula chakula kivulini, kutazama nyumba zenu kutoka juu na kurudi, kunatosha kabisa.

Chagueni majira

Hatuwezi kuzungumzia mlima huu tukanyamaza juu ya Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyolowa maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka kwa njia ya makorongo hadi kwenye makazi ya watu. Zaidi ya watu 80 walifariki, na wengi wakapoteza nyumba. Tunaendelea kuwaombea. Tangu hapo wapo wazazi wasiotaka mtoto akanyage mlimani hata siku moja, na hofu yao inaeleweka. Lakini tujifunze vizuri: hatari ile huja na mvua nyingi. Mlima una majira yake.

Desturi yetu ni kutoka na watoto tarehe 26 Desemba na Jumatatu ya Pasaka. Angalieni kalenda: siku zote mbili huangukia katika msimu wa mvua. Siku hizo pumzikeni nyumbani au tembeeleni ndugu. Safari ya mlimani iwekeni likizo ya Juni, Sabasaba au Nanenane, wakati ardhi imekauka.

Hata wakati wa kiangazi, msipumzike wala kupika ndani ya korongo. Mkisikia mngurumo kama wa lori kutoka juu, au mkiona maji ya kijito yamegeuka tope ghafla au yamekatika, ondokeni mara moja kuelekea ubavuni, mpande mahali palipoinuka. Msikimbie kufuata korongo kwenda chini, kwa maana tope lina mbio kuliko mtu. Mkisikia radi, geukeni mrudi.

Mwendo wa aliye mdogo

Makosa mengi ya safari huanza pale vijana wanapotangulia na mama anapobaki nyuma na watoto. Mtoto anayefukuzana na wakubwa huchoka, hutoka jasho, kisha jasho humpoza. Kwa hiyo mtoto mdogo kuliko wote atangulie pamoja na mtu mzima, na wengine wote wafuate. Mtu mzima mwingine awe wa mwisho, asiachwe yeyote nyuma yake.

Kipimo cha mwendo ni mazungumzo. Anayetembea aweze kuzungumza bila kukatika pumzi. Asiyeweza apumzike, awe mtoto au babu.

Pangeni pia saa ya kugeuka kabla hamjaondoka nyumbani, kwa mfano saa tano asubuhi. Saa hiyo ikifika, geukeni, hata kama mahali mlipopataka panaonekana. Kumbukeni kwamba wengi huteguka miguu wakati wa kushuka, kwa sababu magoti yamechoka na macho yanatazama nyumbani.

Mtoto wa mgongoni

Hapa naomba akina mama na akina baba mnisikilize sana. Kila mnapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Wewe unayepanda unapata joto kwa sababu miguu inafanya kazi. Mtoto aliye mgongoni hafanyi kazi yoyote. Wewe unatoka jasho, yeye anapoa, na huenda asilie, kwa sababu mtoto aliyepoa sana husinzia. Msidhani amelala vizuri. Kila mnapopumzika mshike kifuani au tumboni chini ya nguo. Akiwa wa baridi, mvue nguo zilizolowa, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike blanketi pamoja na kichwa, mnyonyeshe, kisha shukeni naye. Asipoamka vizuri, msimlazimishe kunywa chochote, mkimbizeni hospitali.

Hewa nyepesi ya juu

Kuanzia mita 2,500 hivi, hewa ni nyepesi na baadhi ya watu huugua: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa hamu ya kula. Ugonjwa huu hauchagui. Kijana mwenye nguvu anaweza kuupata na bibi yake akakosa. Mtoto mdogo hawezi kueleza kichwa chake, bali hulialia, hukataa chakula na haachi kujilaza. Ukiona hivyo msiendelee kupanda. Asipopata nafuu akipumzika, shukeni. Anayepepesuka, anayechanganyikiwa au anayehema hata akiwa ameketi, ashushwe saa hiyo hiyo. Kushuka ndiyo dawa yake ya kwanza. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutowapeleka watoto wadogo kileleni.

Waliopaswa kumwona daktari kwanza

(a) Mwenye ugonjwa wa selimundu. Baridi, kiu, uchovu na hewa nyepesi vyote humletea maumivu makali. Abaki maeneo ya chini, avae joto na anywe maji mara kwa mara.
(b) Mwenye ugonjwa wa moyo, au shinikizo la damu ambalo halijatulia.
(c) Mwenye kisukari. Abebe dawa zake na kitu kitamu mfukoni.
(d) Mwenye pumu. Pampu yake iwe mfukoni mwake, si kwenye mkoba wa mtu aliyetangulia.
(e) Mama mjamzito.

Dawa za kila siku zisiachwe kwa sababu ya safari.

Vitu vya kubeba

Maji yaliyochemshwa ya kuwatosha wote, msitegemee maji ya njiani, chakula chepesi kama viazi vilivyochemshwa, mayai, ndizi na karanga, sweta na kofia kwa kila mmoja hata kama asubuhi jua linawaka, blanketi moja, bendeji na kitambaa safi, tochi na simu yenye chaji. Ndala zibaki nyumbani. Raba au kandambili za matairi zenye kamba za kushika kisigino ni afadhali kuliko kiatu kipya kinachochubua. Pombe isibebwe: haileti joto, bali huupoza mwili zaidi.

Akitokea wa kuharisha, changanyeni lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo.

Likitokea jambo

Aliyeteguka akae, mguu uinuliwe, uwekewe kitambaa chenye maji baridi na kufungwa bendeji. Asipoweza kukanyaga, abebwe.

Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na bangili, na kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kisitikisike. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Wengi wanaliamini lile jiwe jeusi la nyoka. Halitoi sumu, na muda unaopotea kulibandika ndio uhai wa mgonjwa. Mbebeni, asitembee, afike hospitali haraka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Wapendwa, Bwana wetu mwenyewe aliwaita mitume wake kando wapumzike kidogo walipokuwa wamechoka na kazi. Nanyi tengeni siku moja ya kiangazi, mtoke pamoja mkiwa mmejiandaa. Na mtoto atakaposema, "Mama, nimechoka," msimwambie ajikaze. Huyo ndiye kiongozi wenu. Amesema mrudi nyumbani.