Muhuri wa Jiwe na Muhuri wa Mpira

Je, umewahi kuuangalia vizuri muhuri wa mpira wa ofisi ya kijiji? Ukiugeuza utaona herufi zake zimechongwa kinyume. Lakini ukigongwa kwenye karatasi, herufi zinasomeka sawasawa.

Mihuri ilianza zamani sana. Huenda umesikia habari za Ashuru na mji wake wa Ninawi. Ninawi ilikuwa mahali palipo Iraki ya leo. Iliangushwa mwaka 612 kabla ya Kristo. Watu wa Ashuru walikuwa na mihuri ya mawe. Fundi alichonga picha ndani ya jiwe. Muhuri wa mfalme ulionyesha mfalme akimchoma simba kwa upanga. Hata asiyejua kusoma aliutambua.

Muhuri huo uligandamizwa kwenye udongo laini. Mlango wa ghala ulifungwa kwa kamba. Juu ya kamba walibandika udongo, kisha wakatia muhuri. Udongo ukakauka. Aliyetaka kufungua ilimbidi auvunje. Muhuri haukuwa na nguvu ya kumzuia mwizi, lakini ulionyesha kwamba mlango umefunguliwa.

Sasa turudi kwetu Songea. Halmashauri ya kijiji ina muhuri wake kwa sheria ya mwaka 1982. Ipo pia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaeleza habari za hati ya hakimiliki ya kimila. Mwenyekiti na katibu wa halmashauri ya kijiji hutia sahihi zao. Mwenye shamba hutia sahihi au alama yake chini ya kila ukurasa. Mwisho, ofisa ardhi wa wilaya hutia sahihi na muhuri, na kuiandikisha hati.

Kwa hiyo muhuri ni kama mdomo wa kijiji. Ukigongwa kwenye karatasi tupu, mtu mbaya anaweza kuandika juu yake lolote apendalo. Shamba la watoto wako linaweza kupotea hivyo.

Kumbuka mambo haya:
1. Muhuri wa kijiji ufungiwe mahali salama.
2. Karatasi tupu isigongwe muhuri.
3. Usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kusoma.

Sasa unajua kusoma. Soma kwanza, kisha utie sahihi.

Maswali
1. Kwa nini herufi za muhuri huchongwa kinyume?
2. Watu wa Ashuru walijuaje kwamba ghala limefunguliwa?
3. Katika kijiji chenu, nani anatunza muhuri?