Penseli na Hadubini: Sanaa ya Uchoraji katika Kumtambua Mbung'o na Malale

Katika wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, yuko nzi ambaye wafugaji humjua kwa maumivu ya kuuma kwake kuliko kwa sura yake. Huyo ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mojawapo ya aina zake, Glossina swynnertoni, hupatikana kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya tu. Mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaodhoofisha ng'ombe, na malale, ugonjwa umwuao binadamu asipotibiwa. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliozuru Hifadhi ya Taifa ya Serengeti walirejea Ulaya wakiwa na vimelea vya malale mwilini.

Mwanafunzi akiambiwa amchore mbung'o bila ya kumtazama, aghalabu atachora nzi wa jikoni. Apewe mbung'o aliyekufa, lenzi ya mkono na penseli, naye atakwama afikapo kwenye mabawa. Nzi wa nyumbani atuapo, mabawa yake huachana kidogo kuelekea pembeni; ya mbung'o hulaliana, moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Mrija wake wa kunyonyea damu umenyooka mbele ya kichwa. Na katikati ya bawa, baina ya mishipa, mna sehemu yenye umbo la shoka la muuza nyama, ambayo nzi wengine hawana. Huenda jicho limeyapita hayo mara nyingi bila ya kuyaona. Mkono hauwezi kuyapita, kwa kuwa kila mstari hauna budi kuanzia mahali na kuishia mahali.

Kwa hiyo wanaoiona sanaa ya uchoraji kuwa ni pambo la shule, la kufundishwa ikiwa saa zimebaki, wanakosea. Uchoraji ni njia ya kuchunguza, na katika uganga kosa la kuchunguza hugharimu maisha. Malale huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, na ni rahisi kuidhani homa hiyo kuwa ni malaria. Dawa za malaria hazimponyi mgonjwa wa malale, na aina ya malale ya Afrika Mashariki huenda mbio: katika muda wa majuma au miezi michache vimelea huweza kuingia katika ubongo. Pengine mahali alipoumwa mtu pana uvimbe au kidonda, lakini ni lazima awepo wa kukitazama.

Damu ikiwekwa chini ya hadubini, tofauti hudhihirika kwa aliyezoea maumbo. Vimelea vya malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu, mara nyingi mfano wa pete ndogo yenye kito. Kimelea cha malale hukaa nje ya chembe hizo. Ni kirefu, chenye mawimbi, kina utando ubavuni na mjeledi mbele, na urefu wake waweza kuwa mara mbili au tatu ya upana wa chembe nyekundu. Aliyekwisha kuvichora vyote viwili kwa mkono wake havichanganyi upesi.

Uhusiano huu wa sanaa na uganga si mgeni katika Afrika Mashariki. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko Makerere katika miaka ya 1930, alikuwa mke wa Hugh Trowell, daktari wa Mulago aliyejulikana kwa uchunguzi wake juu ya utapiamlo wa watoto. Katika chuo hicho hicho alifundisha baadaye Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, mchoraji na mtaalamu wa wanyama. Juzuu zake juu ya mamalia wa Afrika Mashariki zilianza kutolewa mwaka 1971, na michoro yake huonyesha misuli na mifupa pamoja na ngozi. Huko Marekani, wanafunzi wa uganga wa Chuo Kikuu cha Yale walipewa zoezi la kueleza kwa makini picha za kuchorwa zilizomo katika jumba la sanaa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kuwa waliwashinda wenzao katika kueleza picha za wagonjwa. Shule ya Mugumu au ya Tarime haina haja ya jumba la sanaa, nzi anatosha.

Hata watafiti wa simba wa Serengeti huchora. Vidoadoa vilivyo kwenye mizizi ya masharubu hutofautiana kwa kila simba, nao huviandika kwenye kadi, upande wa kushoto na wa kulia.

Darasani kosa kubwa ni kunakili mchoro wa ubaoni. Mwalimu na aombe kwa bwana mifugo mbung'o waliokufa, wala asiwatume wanafunzi porini kuwatafuta walio hai. Mistari iwe myembamba, isiyokatika, bila ya vivuli. Bawa la milimita 10 likichorwa kwa sentimita 10, iandikwe kwamba limekuzwa mara 10. Kisha kila mchoro apewe mwanafunzi mwingine, ambaye kwa kuutumia huo tu atamchagua mbung'o miongoni mwa nzi watatu waliowekwa mezani. Mchoro ukimpoteza, urudishwe kwa mwenyewe auchore upya, nzi akiwa mbele yake.