Kumwachisha Mtoto Chuchu Bandia: Wakati Wake na Namna Yake

Ipogolo iko chini ya kilima kinachobeba mji wa Iringa, mahali ambapo njia ya kupanda mjini huachana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma. Biashara ya mahali kama hapo hufuata magari, na mama mwenye genge la nyanya na vitunguu hushinda na mwanawe kando yake. Kwake chuchu bandia, ambayo wengi huiita nyonyo, ni msaidizi wa bei ndogo: mtoto hutulia, mteja akahudumiwa. Si haki kumlaumu. Tatizo huanza pale msaidizi huyo anapobaki kazini baada ya muda wake kwisha.

Mtoto huzaliwa na haja ya kunyonya. Hata tumboni mwa mama hunyonya kidole. Kunyonya humlisha, na mbali na kumlisha humtuliza. Kwa sababu hiyo chuchu isiyo na maziwa humnyamazisha, na kwa sababu hiyo hiyo yaweza kumdhulumu, kwani mtoto mwenye njaa aliyezibwa kinywa huchelewa kupewa ziwa. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji, walielekeza kwamba mtoto anayenyonya asipewe kabisa chuchu bandia. Mwaka 2018 hatua hiyo ilibadilishwa, ikawa ni kumshauri mama kuhusu matumizi na hatari zake. Katazo limelegezwa, tahadhari imebaki. Ni kweli pia kwamba chuchu bandia wakati wa kulala imehusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini, lakini faida hiyo ni ya mwaka wa kwanza wa maisha.

Baada ya miezi sita mizani hubadilika. Sikio la kati limeunganishwa na koo kwa mrija mwembamba, ambao kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala. Kunyonya mfululizo huvuruga hewa ya mrija huo na kurahisisha vijidudu vya koo kupanda. Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwaelekeza wazazi wabakize chuchu bandia kwa ajili ya kumlaza mtoto tu baada ya umri huo. Maambukizi ya sikio yalipungua kwa zaidi ya robo. Kwa wakazi wa Iringa, ambako baridi ya Juni na Julai huleta mafua nyumba kwa nyumba, somo hilo si dogo.

Lipo jambo la vumbi. Chuchu huanguka, hupanguswa kwa khanga, hurudishwa kinywani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Chuchu bandia haikuleta udumavu huo. Hata hivyo, kuharisha kwa mara kwa mara humnyang'anya mtoto lishe aliyokwisha kuila, na kitu kinachotoka ardhini kwenda kinywani ni njia fupi ya kuharisha.

Meno huvumilia kwa muda. Mtoto akiacha kabla ya kutimiza miaka miwili au mitatu, nafasi iliyojitokeza kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini kwa kawaida hujifunga yenyewe. Akiendelea kupita miaka minne, taya huweza kukua likifuata umbo la chuchu.

Basi ianze kupunguzwa kuanzia miezi sita, na iachwe mtoto anapokaribia mwaka mmoja, au kabla ya miaka miwili kwa aliyechelewa. Kwanza iondolewe mchana, ibaki kitandani. Kisha iondolewe usingizi wa mchana. Usiku uwe wa mwisho. Kupaka pilipili au shubiri, mbinu iliyoazimwa kwenye kulikiza ziwa, humtisha mtoto pasipo kumpa faraja nyingine. Kuichovya kwenye asali ili atulie ni vibaya zaidi: asali yaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu ya hatari kwa aliye chini ya mwaka mmoja, na huozesha meno.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuondoa kila kitu kwa wakati mmoja. Mama anapata ujauzito mwingine. Mtoto analikizwa, anashushwa mgongoni, ananyang'anywa na nyonyo katika juma lile lile. Chuchu bandia na itangulie kuondoka, ziwa libaki hadi miaka miwili au zaidi. Wakati wa homa, msiba au safari, zoezi liahirishwe. Nafasi yake ijazwe kwa kubebwa, wimbo, au kipande cha khanga ya mama. Bibi na dada wa kazi waafiki mapema, maana chuchu inayofichwa na mama na kutolewa na bibi humfundisha mtoto kulia zaidi. Kilio cha usiku kadhaa ni cha kutarajiwa.

Mtoto anayetokwa usaha sikioni, au ambaye meno yake ya mbele hayakutani baada ya miaka minne, apelekwe kituo cha afya. Aliyehamia kwenye kidole gumba asichapwe. Akishikishwa kitu cha kuchezea, kidole husahaulika zaidi kuliko akikaripiwa.